Ripoti ya uthamini imerudishwa na benki: kosa ni la faili au ni la ripoti?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mthamini msaidizi katika ofisi ndogo hapa Mwanza. Ripoti zetu za uthamini kwa ajili ya mikopo tunaziandika kwa Word, hesabu tunafanya kwenye Excel, picha tunapiga kwa simu, kisha tunaituma benki kwa barua pepe. Mwezi huu zimerudi tatu. Ya kwanza benki wanasema haijawafikia, ingawa kwetu inaonekana imetumwa. Ya pili ilifunguka, lakini alama za tiki ziligeuka herufi za ajabu na sahihi ya bosi ikahamia ukurasa mwingine. Ya tatu ndiyo imeninyima usingizi: ofisa mikopo kasema thamani ya kwenye muhtasari hailingani na ya kwenye jedwali, na tarehe ya ripoti inasoma siku ileile aliyoifungua yeye. Bosi anataka tuwe tunachapa, tunasaini na kuskani kila kitu. Kijana wetu mmoja anasema Wamarekani wanatuma kwa XML, yaani faili la data linalosomwa na mfumo wa kompyuta, na sisi tuhamie huko. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Naanza na ile ya tatu. Mbili za kwanza zinachelewesha mkopo wa mteja, lakini ya tatu inaweza kumfikisha bosi wako mbele ya Bodi ya Usajili wa Wathamini.

Mlichotuma ni faili la Word, na faili la Word halijatulia. Limetengenezwa ili libadilike kila linapoguswa. Linafaa sana wakati mnaandika, na ni balaa mkishamaliza. Tarehe yenu ilibadilika kwa sababu aliyeiweka alipitia Insert, akachagua Date & Time, na kile kisanduku cha Update automatically kilikuwa na tiki. Kuanzia hapo pale pana agizo linaloiambia kompyuta iandike tarehe ya leo. Ripoti mliyoikamilisha tarehe 14 Machi, ofisa akiifungua tarehe 2 Aprili, itasoma 2 Aprili. Na wewe unajua kwamba thamani ya nyumba ni ya siku maalumu. Ikitokea mkopo umeharibika na shauri limefika mahakamani, wakili wa mdaiwa ataomba ripoti ifunguliwe mbele ya hakimu, na itasoma tarehe ya siku hiyo hiyo ya shauri. Mtamweleza nini?

Kuitambua ni rahisi. Bofya katikati ya tarehe. Ikijifunika yote kwa rangi ya kijivu kama kipande kimoja, hilo ni agizo. Ichague, bonyeza Ctrl, Shift na F9 kwa pamoja, itageuka maandishi ya kawaida. Usichague waraka mzima ukafanya hivyo kwenye nakala yako ya kazi, maana hata jedwali la yaliyomo litakufa na halitajisahihisha tena kurasa zikisogea. Fanya kwenye nakala ya mwisho tu.

Thamani kutolingana kuna njia yake, na nimeiona mara nyingi kiasi kwamba ninaweza kukueleza ilivyotokea kwenu bila kuiona ripoti. Chukua kiwanja cha mita za mraba 1,200. Mwanzoni mlikadiria ardhi kwa shilingi 45,000 kwa mita, ikawa 54,000,000. Jengo mkalikadiria 186,000,000. Jumla 240,000,000, na mtu akaiandika kwa mkono kwenye muhtasari, kwa tarakimu na kwa maneno. Siku mbili baadaye mkapata mauzo ya jirani yanayoonyesha kwamba 50,000 ndiyo bei ya kweli ya mtaa ule. Mkabadilisha kwenye Excel. Jedwali lililo ndani ya Word lilikuwa limeunganishwa na faili la Excel, kwa hiyo lilipofunguliwa lilijisahihisha lenyewe: ardhi 60,000,000, jumla 246,000,000. Muhtasari ukabaki na 240. Hakuna aliyedanganya, lakini ripoti moja sasa ina thamani mbili, na thamani ya mauzo ya lazima (bei inayokadiriwa kama nyumba italazimika kuuzwa haraka) iliyotokana na ile ya zamani nayo imebaki nyuma.

Wakati wa kazi, acheni muungano uwepo, na ikiwezekana hata ile namba ya muhtasari itoke kwenye seli ileile ya Excel, isiandikwe kwa mkono popote. Mkimaliza, kateni muungano: File, Info, kisha Edit Links to Files, na hapo kuna Break Link. Halafu mtu mwingine, asiyekuwa aliyeandika, asome kwa sauti thamani kila inapotokea: barua ya kufungulia, muhtasari, jedwali, hitimisho, cheti. Mwenzake afuatilie kwa kalamu. Ni dakika tatu tu.

Kuna jambo lingine linalofanana na hilo ambalo hukuliuliza, na ni zito. Ukinakili jedwali la Excel na kulibandika ndani ya Word kama kitu cha Excel, unachobandika ni kitabu kizima, hata kama macho yanaona jedwali moja. Niliwahi kupokea ripoti ya nyumba moja, nikabofya jedwali mara mbili ili niangalie fomula, likafunguka na karatasi nyingine sita za wateja wengine, majina na thamani zao zote zimo. Mthamini yule alikuwa mtu makini, hakujua tu. Bandikeni kama jedwali la kawaida au kama picha, na msitume tena Word nje ya ofisi. Benki ikiomba Word kwa sababu inataka kunakili sehemu, ipeni PDF yenye maandishi yanayoweza kuchaguliwa. Itanakili vizuri tu.

Hapo tumefika kwenye ripoti ya pili. Tiki zilizogeuka herufi za ajabu zinatokana na fonti. Mlitumia ile fonti ya alama, Wingdings, kwenye orodha ya huduma: maji, umeme, barabara, uzio. Ndani ya faili, tiki ya Wingdings haijahifadhiwa kama tiki. Ni herufi ü iliyovaa nguo ya tiki. Ofisa akifungua kwenye simu au kompyuta isiyo na fonti hiyo, nguo inavuliwa na anaona ü. Mahali pengine anaona kiboksi kitupu. Fonti ya maandishi ikikosekana, kompyuta yake inaweka nyingine yenye upana tofauti, mistari inarefuka au kufupika, na sahihi iliyokuwa chini ya tamko la mthamini inasukumwa ukurasa wa peke yake. Sahihi iliyokaa peke yake kwenye karatasi nyeupe haina thamani yoyote kwa mtu wa benki, na wako sahihi kuikataa.

Tiba yake ni PDF, tena ile aina inayoitwa PDF/A. Toleo lake la kwanza lilipitishwa kama kiwango cha kimataifa, ISO 19005, mwaka 2005, kwa ajili ya nyaraka za kuhifadhiwa miaka mingi. Kinachotuhusu sisi ni kwamba inalazimisha kila fonti iliyotumika ibebwe ndani ya faili lenyewe. Popote litakapofunguliwa, tiki itabaki tiki. Kwenye Word unapohifadhi kama PDF, bonyeza Options, utakuta kisanduku chenye neno PDF/A. Kitie tiki. Kisha tazama mhuri wenu. Kama ni picha yenye mandhari ya uwazi, mara nyingine hutoka na pembe nyeupe inayofunika sehemu ya sahihi, kwa sababu PDF/A ya kwanza haikubali uwazi. Ikitokea, weka mhuri mahali pasipogusana na maandishi.

Jihadhari na hili pia: PDF/A hairuhusu neno la siri. Benki inayotaka faili lililofungwa kwa neno la siri haiwezi kupata PDF/A, kwa hiyo waulizeni kwanza wanataka kipi. Wakitaka lililofungwa, tumeni PDF ya kawaida, fonti zikiwa ndani, na neno la siri liende kwa simu, kamwe lisiende kwenye barua pepe ileile. Msiweke kwenye ZIP yenye neno la siri. Mashine ya benki inayokagua virusi haiwezi kuona ndani yake, na kisichoonekana ndani huwekwa kando bila kumjulisha mtu.

Ile ya kwanza isiyofika, nina karibu hakika tatizo ni uzito, na uzito wote ni picha. Simu janja ya kawaida inapiga picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, megabaiti tatu hadi tano kila moja. Picha 20 za nyumba, mtaa na barabara, tayari mna megabaiti 60 na zaidi. Halafu kuna hesabu ambayo watu wengi hawaijui: kiambatisho cha barua pepe hakisafiri kama kilivyo. Kinageuzwa kuwa herufi, na kila baiti tatu zinakuwa herufi nne. Faili linanenepa kwa theluthi njiani. Seva ya benki ikiwa na kikomo cha megabaiti 10, faili lenu la megabaiti 8 linafika mlangoni likiwa na karibu 11, na linafukuzwa. Kwenye kompyuta yenu linaonekana limetumwa kwa sababu kwenu kweli limeondoka. Ujumbe wa kukataliwa mara nyingi hurudi baadaye kwa Kiingereza kutoka kwa anwani ya mashine, na sekretari anaufuta akidhani ni takataka. Fungueni kikasha cha barua taka cha siku ile, nadhani mtaukuta.

Lengo lenu liwe megabaiti 7 kwa ripoti nzima. Ukurasa wa A4, ukiondoa pambizo, una kama sentimeta 16 za kuandikia. Picha yenye upana wa pikseli 1,600 ikijaza nafasi hiyo yote inachapika safi kabisa. Zikiwa mbili kwa mstari, pikseli 800 zinatosha kila moja. Zipunguzeni kabla ya kuzibandika. Kuburuta pembe ya picha ndani ya Word kunapunguza inavyoonekana tu, uzito unabaki uleule. Na ukikata pembe kwa Crop, ile sehemu uliyoikata bado imo ndani ya faili hadi uiambie Word iifute kwenye Compress Pictures. Nasisitiza hili kwa sababu tunaingia majumbani mwa watu. Mtoto aliyekuwa amekaa mlangoni, namba ya gari la jirani, picha ya familia ukutani: umeikata ukadhani imekwenda, kumbe yeyote mwenye Word anairudisha kwa kubofya mara mbili.

Wenye iPhone ofisini kwenu wana jambo la ziada. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu hizo huhifadhi picha kwa aina ya faili iitwayo HEIC, na kompyuta nyingi za zamani hazifungui. Nimeona vijana wanapiga skrini ya picha ili waibandike, na ubora unakufa, tarehe ya kupigwa inapotea. Ingieni Settings, Camera, Formats, mchague Most Compatible, zitatoka JPEG. Picha zisipitishwe WhatsApp kama picha. WhatsApp inazipunguza na kufuta taarifa zilizobebwa ndani, yaani saa ya kupigwa na mahali. Zitumeni kama Document, zitafika nzima. Picha asili zikae kwenye jalada la kazi hata kama kwenye ripoti zimo ndogo, kwa sababu siku mkihojiwa kama kweli mlifika kwenye kiwanja, zile ndizo shahidi wenu.

Mkitumia taarifa ya mahali iliyo ndani ya picha kuandika majira ya nukta (coordinates), kumbukeni simu inasoma kwa mfumo wa WGS84, ule wa GPS, wakati ramani nyingi za upimaji za zamani nchini zipo kwenye mfumo wa zamani wa Arc 1960. Tofauti yake kwetu ni kama mita 300, sehemu kubwa ikiwa kaskazini na kusini. Mita 300 hapo Nyegezi ni mtaa mwingine. Andikeni jina la mfumo kando ya namba, na kanda ya UTM pia: Mwanza ni 36 kusini, Dar es Salaam 37 kusini.

Sasa ushauri wa bosi wako. Naelewa anakotoka: karatasi iliyosainiwa haijibadilishi. Ila kuskani ripoti nzima kunageuza maandishi kuwa picha. Ofisa mikopo hawezi kutafuta neno wala kunakili thamani, anaiandika upya kwa mkono kwenye mfumo wa benki, na sifuri moja ikidondoka ni mteja wenu atakayeumia. Tena skana nayo si ya kuaminiwa kama tunavyodhani. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu zilizoskaniwa. Aligundua kwenye mchoro wa nyumba, kazi yetu hii hii. Vyumba vitatu vilikuwa na mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42. Nakala ilipotoka, vyote vitatu vilisoma 14.13, kwa maandishi safi yasiyo na dosari. Mashine ilikuwa inatafuta vipande vinavyofanana kwenye ukurasa ili ihifadhi kimoja tu na kukitumia kote, na ikavichanganya. Xerox ilitoa marekebisho mwaka huohuo, lakini tangu niisome habari hiyo sijawahi kuskani ukurasa wenye jedwali la vipimo kama ninayo njia nyingine.

Benki ikishikilia sahihi ya wino, skani ukurasa mmoja tu, ule wa tamko lenye sahihi na mhuri, kwa dpi 300, kisha uuingize mahali pake ndani ya PDF. Kurasa nyingine zote zibaki maandishi. Na kama ofisi inaweza kupata sahihi ya kidijitali ya kweli, ipateni. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua sahihi ya kielektroniki. Picha ya sahihi iliyobandikwa haimzuii mtu kubadilisha namba iliyo juu yake, ila sahihi ya kidijitali inaonyesha mara moja kwamba faili limeguswa. Kwa sababu hiyo hiyo iwe hatua ya mwisho kabisa. Ukisaini kisha ukapunguza uzito wa PDF au ukaongeza kiambatisho, umeivunja mwenyewe, na msomaji wa benki ataonyeshwa onyo.

Kuhusu XML, kijana wenu hajakosea habari. Marekani, Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, yaliwawekea wathamini utaratibu mmoja wa kuandika data mwaka 2011, na mwaka uliofuata yakataka ripoti zipitie tovuti moja. Hali ya nyumba inaandikwa kwa alama C1 hadi C6, ubora wa ujenzi Q1 hadi Q6, na chini ya utaratibu huo wa 2011 faili la XML lilibeba data pamoja na PDF ya ripoti ndani yake. Ikikosekana taarifa, mfumo unarudisha ujumbe palepale, wakati sisi tunasubiri simu ya ofisa baada ya wiki. Natamani siku moja tuwe na kitu kama hicho hapa. Lakini XML ina maana pale tu anayepokea ana mfumo wa kuisoma, na mkiituma leo kwa benki yenu hawatajua waifungue na nini. Mnachoweza kufanya sasa ni kuwa na Excel moja ya ofisi yenye safu zisizobadilika: namba ya kiwanja, kitalu, eneo, matumizi, ukubwa, tarehe ya ukaguzi, thamani. Safu ya namba ya kiwanja ifanyeni Text kabla ya kuandika chochote. Nimeona kiwanja namba 3/12 kimegeuzwa na Excel kuwa tarehe, na aliyeandika hakugundua. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mwanzo kwa njia hiyo hiyo.

Jina la faili lisiwe na mkwaju (Windows hairuhusu), wala lisibebe jina la mteja. Namba ya kazi, tarehe ikianza na mwaka, na toleo: MZ-0147_2025-03-14_T1. Likirekebishwa linakuwa T2. Neno FINAL liachwe kabisa.

Kabla ya kutuma, tuma kwanza kwa simu ya mtu ambaye hakuhusika na ripoti, ya bei ya chini iwezekanavyo, aifungue mbele yako. Atakachokiona yeye ndicho atakachokiona ofisa mikopo.

Zile mbili za kwanza zitengenezeni upya na kuzituma leo, hazina shida. Ile ya tatu msiitume upya kimyakimya kama vile mnarekebisha faili. Bosi wako ampigie ofisa mikopo kwanza, kisha iandikwe barua yenye sahihi yake inayosema ripoti ya awali imeondolewa, thamani sahihi ni ipi, na kwa nini ilitofautiana. PDF ya toleo la pili iambatane na barua hiyo. Na kama ripoti ile ilipita pia kwa Mthamini Mkuu wa Serikali au mteja alipewa nakala yake, nao wapate barua ileile siku ileile.